Mpapai Dume wa Shamte Uliovaa Gauni

Siku niliyoshuka Mwankoko nilikuta wanawake wanaua madume.

Nilikuwa nimetoka Shelui juu ya lori la vitunguu, magoti yamekufa ganzi, naitafuta nyumba ya dada yangu Theodora ambaye hatukuwa tumeonana tangu amzike mumewe. Nikasikia vigelegele, nikadhani kuna harusi na huenda nikapata pilau. Kumbe ni wanawake wa mtaa mzima, mapanga mikononi, wanapita nyumba kwa nyumba kuangusha mipapai. Hawakuangusha yote. Mpapai wenye matunda waliupapasa shina wakaupita. Ule wenye vishada virefu vya maua vinavyoning'inia kama mikufu, usiozaa chochote, waliupiga panga mbili tatu ukalala chini.

"Na huu?" aliuliza mmoja.

"Huo ni mwanaume. Anakunywa maji, ananenepa, ananukia vizuri, basi! Kata!"

Aliyejibu hivyo alikuwa mama mnene aliyefunga mtandio kiunoni. Jina lake Kuluthumu, ila mtaani wote wanamwita Mama Saada. Kwao ni watu wa maduka. Babu yao alipanda huku na bidhaa kutoka pwani, akaoa Mnyaturu, hakurudi tena. Mama Saada amebaki na sauti ya kumuuzia mtu kitenge asichokitaka. Akaniona nimesimama na begi langu, akaniamkia kwanza, maana hata mwenye panga lazima amwamkie mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Na wewe ni wa kunywa maji tu, au unazaa?"

Wenzake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikamjibu kwamba nimezaa Kahama, nimezaa Tunduma, na kwingine sikurudi kuangalia.

"Basi pita," akasema. "Wewe hatukukati."

Jioni Theodora alinieleza. Maji ya pale yanatoka kisimani, watu wanapanga foleni, wanabeba dumu kichwani. Kiangazi kilikuwa kimebana, na kumnywesha mpapai dume maji ya kubebwa kichwani ni kama kumlisha shemeji asiyeondoka. Mwenyekiti wa mtaa, bwana Ezekieli, akaitisha kikao, ikapitishwa: madume yote chini. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa ule azimio la kikao likatekelezwa siku hiyohiyo.

Nikakaa. Dada alinipa chumba cha uani, na mimi nikamfanyia kazi ya bustani: mchicha, nyanya chungu, maboga, na mipapai yake majike iliyobaki. Miaka yangu yote nimehama kwa hiari yangu. Nimefanya kazi ya utingo, nimechimba mchanga, nimeuza kuku, na kila mahali niliondoka nilipochoka. Safari hii ilikuwa magoti ndiyo yaliyochoka. Sikumwambia mtu, lakini nilikuwa nimekusudia kufia pale.

Mapapai yaliyokuwa juu ya miti yaliendelea kuiva, tukala. Yalipokwisha, hayakuja mengine. Maua yalifunguka vizuri, meupe, manono, kisha yakaanguka. Asubuhi unakuta yametapakaa chini kama bisi zilizomwagika. Mti mmoja mmoja ulijitahidi ukatoa kitu cha ukubwa wa ngumi ya mtoto, ukikipasua hakina mbegu hata moja, nacho kikadondoka kabla hujakionea huruma.

Msicheke, papai si jambo dogo. Huku tunakula ugali wa mtama na uwele, mzito, unakaa tumboni kama mgeni aliyevua viatu. Papai la asubuhi ndilo linalomwonyesha mlango. Mtaa mzima ulianza kutembea kwa tabu. Mama Saada, ambaye bila papai siku yake haifunguki, akawa mkali hata kwa kuku wake.

Na watu wakaanza kuhesabu: mipapai imeacha kuzaa tangu lini? Tangu yule mzee wa Theodora aje.

Mimi sikujua wanasema nini. Nilikuwa nimeshughulika na maua. Shule yangu ni ya vipande: darasa la kwanza nililisoma mara mbili katika vijiji viwili, la tatu nililiruka, la nne alinifundisha padri mmoja aliyekuwa na haraka. Mengine nimeyaokota njiani. Kule Tabora niliwahi kukaa kwa mzee Miraji, mwenye mitende nyuma ya nyumba, na kila majike yalipochanua huyo mzee alipanda juu na tawi la maua ya mtende dume, akalifunga katikati ya maua ya jike, akashuka anatweta. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua. Akaniambia, "Hosea, mtende jike haupati mimba kwa kuangaliwa." Wakati ule nilidhani ni maneno ya uzee.

Sasa nikachukua wembe nikapasua ua la mpapai wa Theodora. Ndani nikakuta papai tayari, dogo kama punje ya hindi, lina tumbo kabisa, na kichwani lina vishungi vitano vilivyojikunja kama upanga wa jogoo. Tumbo lipo, chumba kipo, mwenye nyumba anasubiri, na aliyepaswa kubisha hodi tumempiga panga.

Dume nilikuja kulipata Utemini, nilikokwenda kununua tumbaku. Nyuma ya duka la bwana mmoja aitwaye Shamte kulikuwa na mpapai mrefu, una misumari ya kutu shinani na umevalishwa gauni la maua mekundu, limefungwa kwa kamba. Vishada vinaning'inia juu ya kola.

"Nani kauvalisha?" nikauliza.

"Usiniulize, mzee wangu," Shamte akasema. "Mke wangu alisema nipigilie misumari, utaogopa, utazaa. Haukuogopa. Bibi yangu akasema nivalishe gauni, utaona haya, utageuka mwanamke. Sasa nina mwanaume mwenye gauni na wateja wananicheka."

"Naomba maua yake kidogo."

"Chukua na mti wenyewe."

Nikajaza kofia. Ua la dume ni jembamba, mrija tu, tumbo halina. Ukilichana unakuta unga wa njano kidogo. Basi. Hiyo ndiyo kazi yake yote duniani na anaifanya amening'inia. Watu wamenihadithia pia kuna mpapai wa tatu, wenye vyote viwili ndani ya ua moja, unajimaliza wenyewe bila kusumbua jirani. Babati niliuona kwa macho. Huku mbegu zetu ni za zamani, ni mume na mke.

Basi ikawa kila baada ya siku chache naamka mapema, nachukua maua ya Shamte, nayavua petali zake, nausugua ule unga juu ya vishungi vya majike. Ili nijue nililoligusa, nikawa nafunga uzi mwekundu wa sweta la Theodora. Na kwa kuwa nimezoea kuongea na watu na sikuwa na mtu, nikawa naongea na maua: "Haya mama, pokea mgeni, katoka mbali."

Sasa jiweke upande wa pili wa uzio wa miti, uwe Mama Saada jirani yetu, umeamka na tumbo limefunga, unachungulia, unaona mzee mgeni alfajiri, kofia mkononi, ananong'ona na kufunga nyuzi nyekundu kwenye mpapai. Halafu mwezi unaisha, na katika mtaa mzima mipapai ya Theodora peke yake ndiyo inayozaa.

Mimi mwenyewe ningesema ni mchawi.

Theodora alinijia jikoni, hakukaa. "Kaka, Ezekieli ameitisha kikao. Ni juu yako."

"Kwa sababu ya mapapai?"

"Kwa sababu mipapai yetu imezaa." Akawa anapangusa sufuria iliyokwisha kuwa safi. "Nikueleze kabisa usije ukasema sikukwambia. Hawa ndio walionizikia mume. Ndio ninaopanga nao foleni ya maji. Wakisema uondoke, sitaweza kukuficha."

Sikujibu kwa utani. Kule nilikopita nimeona wazee wenye macho mekundu walivyofanyiwa na majirani zao, na macho yangu ni mekundu tangu ujana, kwa sababu ya tumbaku.

Kikao kilifanyika barazani kwa Ezekieli, kwenye viti vya plastiki, wengine wamekaa juu ya ndoo. Ezekieli ni mtu mwema anayependa kusimama mbele ya watu. Alifungua kwa sala, akasalimu vyama vyote, halafu akasema tumekutana kwa ajili ya mipapai.

Mama Saada akasimama. "Shikamoo, mzee Hosea."

"Marahaba."

"Unatuloga."

"Siwalogi, mwanangu."

"Mbona ya dada yako inazaa?"

"Kwa sababu ina mume."

Watu wakatazamana. "Mume gani?" akauliza Ezekieli.

"Yuko Utemini."

Kicheko kikapasuka upande wa ndoo. "Yaani mipapai ya Theodora ina hawara mjini?" akasema mmoja.

"Ndiyo. Na mimi ndiye kuwadi."

Nikawaeleza yote: mtende wa Miraji, tumbo la jike, unga wa dume. Nikawaambia mliua waume wote siku moja mkaimba na vigelegele, sasa mnashangaa wajane hawazai. Wanaume waliokuwapo walipenda sana maelezo hayo. Wanawake hawakuyapenda. Ezekieli akakohoa, akaona azimio lake mwenyewe linaelekea kuwa ndilo lenye hatia.

"Basi tuthibitishe," akasema haraka. "Mzee aende akaguse mipapai ya Mama Saada. Ikizaa, tumeamini."

"Aa-aa!" Mama Saada akaruka. "Akigusa ikazaa, si ndiyo kafungua alichokifunga mwenyewe? Na isipozaa, amegoma kufungua!"

"Kweli," watu wakasema. "Kweli kabisa."

Nikaona nimebanwa kote. Ikizaa mimi ni mchawi, isipozaa ni mchawi. Nimepita mbele ya mahakimu wa mahakama za mwanzo katika wilaya nne na hakuna aliyewahi kunifungia njia vizuri kama yule mama. Nikatafuta pa kutokea, nikaona mahali pamoja tu.

"Basi mimi sigusi," nikasema. "Aguse yeye."

"Nani?"

"Wewe, Mama Saada. Maua utachuma kwa mkono wako, utasugua kwa mkono wako. Mimi nitasimama mbali, mikono nyuma, mdomo nimefunga."

"Mimi? Niwe mume wa mpapai? Mjane mzima, mwenye wajukuu?"

"Mbona kukata madume ulijitolea?" sauti ya mwanaume ikatoka nyuma.

Hapo hakuwa na namna. Ikapitishwa: vikishika vitunda kwake, mzee Hosea anabaki, vikianguka, anapanda lori la kwanza linalopita. Nilipotoka pale ndipo akili ikanijia. Maisha yangu yote nimeyaweka kwenye vidole vya mtu anayetaka niondoke. Akisugua vibaya, kwisha. Akisahau kusugua, kwisha. Kitu pekee nilichokuwa nacho upande wangu ni tumbo lake lililokosa papai.

Kwa Shamte yeye alikwenda na bodaboda, mimi na Theodora kwa miguu kama mashahidi. Tukamkuta amesimama mbele ya ule mpapai, mikono kiunoni. Shamte ni shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, kwa hiyo heshima baina yao ni ya kutukanana.

"Shemeji," Shamte akasema, "nimesikia unatafuta mume. Huyu hapa. Nguo anazo."

"Nyamaza. Hili si gauni la mkeo?"

"Alilikataa. Mpapai haukulikataa."

"Umetoka wapi huu upumbavu wenu, mmepigilia mti misumari kama jeneza." Akavuta kishada kwa upembo, maua yakamdondokea kwenye mtandio. Akanusa. Akanusa tena. "Yananukia."

"Nilikwambia siku ile ya mapanga," nikasema, "au ni wewe uliyesema?"

"Umeahidi kufunga mdomo, mzee."

Nikafunga.

Kesho yake asubuhi alisugua maua yake mbele ya Ezekieli na majirani. Mimi nilisimama mbali, mikono nyuma kama mahabusu. Theodora peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuelekeza. Mama Saada alifanya kazi ile kwa uso wa mtu anayembadilisha mtoto nepi, lakini vidole vyake, nilivitazama, vilikuwa vya polepole. Alifika kila ua lililofunguka. Hakuruka hata moja. Akafunga nyuzi za kijani, akasema nyekundu ni zangu na wachawi wenzangu.

Halafu kungoja. Upepo wa Singida mnaujua. Usiku wa pili ulivuma mpaka bati la choo likaondoka, na asubuhi Theodora alichungulia kwa jirani akarudi ananiambia kuna nyuzi za kijani chini. "Ngapi?" "Sikuthubutu kutazama sana." Siku zile nilikula kidogo. Nilianza kufikiria lori. Nilijaribu kuinua goti niweke mguu kwenye kigingi cha uzio kama mtu anayepanda, likagoma, nikalitukana.

Mama Saada akipita ananiamkia, naitikia, anaendelea. Hata mtu wa kucheza karata hana uso kama ule. Nikajua ni mambo mawili tu yanayoweza kumfanya yule mama anyamaze hivyo: ama yameanguka yote na ananionea huruma, ama yameshika na anajionea huruma mwenyewe.

Mwezi ulipokwisha, siku ya kikao cha pili, watu walijaa mpaka barabarani. Ezekieli akafupisha sala kwa mara ya kwanza.

"Mama Saada, tuambie."

Akasimama. "Shikamoo, mzee Hosea."

"Marahaba."

Akatazama kanga yake. "Imeshika."

"Sema kwa sauti, wasikie wa nyuma."

"Imeshika! Mnataka niimbe? Matatu yameangushwa na upepo, mengine yote yameshika. Yana ukubwa wa ndimu. Haya!"

Theodora alinishika mkono, kisha akauachia haraka kana kwamba ulikuwa wa moto. Na mimi nilikuwa nafungua mdomo niseme neno la hekima, ndipo kutoka kwenye ndoo Paschal fundi baiskeli, mtu asiyeweza kuacha jambo likaisha vizuri, akasema:

"Basi na Mama Saada naye ni mchawi. Si ameyafungua?"

Watu wakaanza kumtazama. Wale wale waliosema "kweli kabisa" juu yangu, niliwaona midomo inaelekea kwenye lile neno tena.

Mama Saada akamgeukia Paschal polepole. "Nani mchawi?"

"Mimi nauliza tu, mama. Si ulisema mwenyewe, anayefungua ndiye aliyefunga?"

"We Paschal! Una watoto sita. Ulimloga mkeo?" Watu wakaanza kucheka, akawanyamazisha kwa mkono. "Nawauliza wote. Mlipata watoto kwa kutazamana? Ua jike lina tumbo, nimelipasua kwa wembe wangu mwenyewe, papai limo ndani linasubiri. Lile dume ni unga. Unautoa huku unaupeleka huku. Zamani wadudu walifanya, sasa dume hakuna, mdudu atabeba nini? Sisi ndio tulioyakata! Mimi ndiye niliyekata mengi! Uchawi uko wapi hapo? Uchawi ni panga!"

Akaeleza tena tangu mwanzo, vizuri kuliko nilivyoeleza mimi, na kwa sauti ambayo hakuna aliyethubutu kuikata. Vishungi vitano akavionyesha kwa vidole. Kila alichosema kujitoa yeye kilinitoa na mimi, na alijua, maana alipomaliza alinitazama kwa hasira kama niliyemwibia.

"Mzee anabaki," akasema Ezekieli, akaona ni salama kusema. "Imepitishwa."

Likabaki swali la dume. Shamte hawezi kuwazalisha watu wa Mwankoko miaka yote. Inabidi tupande wetu. Lakini mche wa mpapai hauna dalili; mpaka uchanue ndipo utajua umelea mke au mume. Na nani atakayebebea maji mti ambao huenda hautamzalia kitu? Nyumba zote zikaangalia chini.

"Atabeba yeye," Mama Saada akaninyooshea kidole. "Si anabaki? Akae na kazi. Apande michache kwa Theodora, alee, atuambie dume ni lipi. Na asijaribu kwenda kutembea kabla haijachanua."

Nikasema nilikuwa nafikiria kufika Shelui mara moja, kuna rafiki yangu.

"Hufiki," wakasema watu wawili watatu kwa pamoja.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kisimani na dumu la Theodora. Redempta, mwanamke anayesimamia foleni, hakubali dumu moja lipange foleni kwa ajili ya watu wawili. Akanipa la kwangu, la njano, mfuniko umepotea, akaliweka kwenye mstari nyuma ya la Mama Saada. Nikamwambia mimi ni mzee, sipaswi kupanga.

"Mgeni ndiye asiyepanga foleni," Redempta akasema. "Mkazi anapanga."

Mama Saada, aliyekuwa mbele yangu, hakugeuka. "Sogeza dumu lako, mzee," akasema. "Foleni inakwenda."